Bahari ya Kaloleni

Bahari ya kwanza niliyoiona maishani ilikuwa imepigiliwa msumari ukutani, mtaa wa Kaloleni, Nairobi, sebuleni kwa baba mdogo. Ilikuwa picha ya kalenda. Mwaka wa kalenda yenyewe ulikuwa umekwisha zamani, karatasi za tarehe zimeng'olewa kuwashia jiko, picha ikabaki peke yake: ghuba ya maji ya buluu, mlima unaofuka moshi kwa mbali, na mbele kabisa barabara ya vumbi iliyojaa watu. Baba mdogo, aliyekuwa mtu wa reli, alituambia ile ni Mombasa. Mama mdogo alikuwa mzaliwa wa Pwani. Hakumbishia mbele ya wageni, lakini wageni walipotoka alituambia taratibu kwamba Mombasa haina mlima, na anayetaka kuona moshi kule aende kwenye kiwanda cha saruji.

Nilikuwa nimeshavuka miaka arobaini nilipokutana na ghuba ile tena. Safari hii ilikuwa ndani ya kitabu kikuukuu cha michoro, kwa muuza vitabu vya mitumba katikati ya jiji. Sitaapa kwamba ni picha ileile. Mchoraji huyu aliichora ghuba hiyo mara nyingi mno. Ila mlima ulikuwa uleule, na vumbi, na wale watu. Mahali ni Naples, kusini mwa Italia. Mlima ni Vesuvius. Na aliyechora hakuwa Mwitaliano bali Mjerumani, Oswald Achenbach wa Düsseldorf, mji ulio kando ya mto Rhine na usio na bahari hata tone, kama Nairobi.

Nikanunua kitabu, nikakitia mkobani, na Jumamosi iliyofuata nikaamua kukirudisha picha ilikotoka. Kwangu mimi Naples iko Eastlands, mashariki ya Nairobi.

Nilitembea kwa miguu kutoka Muthurwa. Anayetaka kuijua Eastlands asipande gari pale. Aache mikokoteni imsukume, asikie bei za vitunguu zikiimbwa, aingie Landhies Road akiwa ameshakanyagwa vidole mara mbili. Reli iko kando yako njia nzima. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika hapa 1899, na haikuleta chuma peke yake. Ilileta majina. Hilo nililiona siku ile tu, ingawa nimeishi nayo tangu utotoni. Ramani ya mashariki ya Nairobi ni ramani ya Pwani iliyomwagwa kwenye nyanda za juu, karibu mita 1,700 juu ya bahari. Kuna Kaloleni yetu, na kuna Kaloleni ya Kilifi. Kuna Pangani, kijiji cha zamani kilichobomolewa na serikali ya kikoloni mwishoni mwa miaka ya 1930, wakazi wake wakahamishiwa Shauri Moyo. Nayo Pangani kubwa iko kule Tanga, mtoni panapokutana na bahari. Kuna Majengo ndani ya Pumwani, misikiti yake na mabaraza yake. Kuna mtaa wa Mbotela, jina la ukoo wa Frere Town, Mombasa, ukoo uliompa msomaji wa Kiswahili kitabu cha Uhuru wa Watumwa. Ukivuka kuingia eneo la viwanda unakuta Changamwe Road, Likoni Road, Lunga Lunga Road. Mtu anaweza kuzaliwa, kusoma, kuoa na kuzikwa katikati ya majina ya bahari bila kulowa kifundo cha mguu.

Kaloleni, ukilisikiliza jina lenyewe kwa sikio la Kigiriama, linakaribia sana kuwa amri: nendeni mkatazame. Basi nilikwenda kutazama.

Nyumba bado zipo. Vigae vyekundu vya paa, kuta za mawe, uwanja wa nyasi katikati, miti iliyopandwa kwa mpango na wakoloni waliotaka mtaa wa Waafrika ufanane na bustani. Ulijengwa miaka ya 1940. Wazee wa mtaa husimulia kwamba waliobeba mawe yale walikuwa mateka wa vita wa Kiitaliano, waliokamatwa 1941 himaya yao ya Afrika Mashariki ilipoanguka. Mateka hao ndio waliojenga pia kile kikanisa kidogo cha mwaka 1942 kwenye barabara ya kuteremkia Mai Mahiu, ambacho kila abiria wa Naivasha amekiona dirishani. Nilisimama chini ya vigae nikawaza jambo la kitoto: kwamba pengine mmoja wao alikuwa kijana wa Naples, na kwamba nyumba aliyoijenga ndiyo iliyokuja kutundikwa picha ya kwao, msumari ukiingia kwenye mawe yake mwenyewe. Hakuna atakayenithibitishia. Lakini paa lilikuwa jekundu, jua lilikuwa limeliangukia vizuri, na kitabuni mwangu mlikuwa na mapaa kama yale.

Mama mmoja aliyekuwa akianua nguo alinitazama nikilinganisha nyumba yao na kitabu.

"Baba, wewe ni wa kaunti?"

Nikamwambia hapana, nilikuwa nikilala hapa likizo nikiwa mdogo.

"Haya. Tulidhani mmekuja kupima tena."

Wasiwasi wake una sababu. Nyumba za zamani za Eastlands zinabomolewa mtaa baada ya mtaa kupisha maghorofa, na kila mgeni mwenye karatasi mkononi hufikiriwa amekuja na tarehe. Alipoona ni kitabu cha picha alicheka, akaniita kivulini nikapumzike. Nikamwonyesha ghuba. Akaitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akauliza wale watu barabarani wanauza nini.

Swali hilo ndilo lililonifungua macho. Sijui wanauza nini. Matikiti, labda, au samaki. Miaka yote nimekuwa nikitazama maji na mlima, ilhali nusu ya turubai ni watu: wanawake wenye vikapu vichwani, watoto wasio na viatu, punda, mtawa, mwombaji, mkokoteni ulioziba njia. Oswald alikuwa na kaka yake, Andreas, aliyemzidi miaka kumi na mmoja, naye alichora bahari ya Kaskazini, mawimbi yaliyochafuka na merikebu zikivunjika. Watu wa Düsseldorf waliwatania kwa herufi za mwanzo za majina yao kwamba ni Alfa na Omega wa uchoraji wa mandhari. Mimi nampenda Omega. Andreas anakuonyesha bahari isiyokuhitaji. Oswald hana bahari isiyo na mtu aliyeipa mgongo akihesabu chenji.

Alizaliwa Februari 1827, na mwaka 1835, akiwa na miaka minane tu, aliandikishwa katika chuo cha sanaa cha mji wake, ingawa kanuni zilitaka mtoto awe amefika kumi na miwili. Mwaka 1845 akavuka milima ya Alps kwa mara ya kwanza kuingia Italia ya kaskazini. Mwaka 1850 alikuwa Roma, na kufikia 1857 alikuwa anazunguka Naples na Capri. Alirudi tena na tena. Lakini, na hapa ndipo panaponivutia, picha kubwa hakuzichorea kule. Kule alichora vipande vidogo vya haraka, mwanga wa saa fulani, kona ya barabara, kisha akarudi nyumbani kwenye mvua na ukungu na kuijenga Italia karakanani, akawauzia watu ambao wengi wao wasingeiona. Toka 1863 hadi 1872 alikuwa profesa wa mandhari chuoni hapohapo. Naples aliyoijua Mjerumani wa kawaida wa enzi ile ilikuwa, kwa sehemu kubwa, kitu kilichotengenezwa Düsseldorf.

Mombasa nayo hutengenezwa Nairobi. Nina picha yangu mwenyewe nikiwa na miaka saba, suti ya kuazima, soksi zimepandishwa hadi magotini, nyuma yangu mnazi na jahazi na jua linalozama. Ilipigwa studio ya mtaani, mbele ya pazia lililopakwa rangi, na ukiangalia chini utaona pazia limeishia na sakafu ya saruji imeanza. Studio za namna hiyo zilikuwa kila mahali. Hata pale Likoni penyewe, kando ya kivuko, wapiga picha walikuwa na vibanda vyenye bahari ya kuchorwa hatua chache kutoka kwenye bahari ya kweli. Msomi wa Kijerumani, Heike Behrend, ameandika juu yao. Wengi wa wapiga picha hao walikuwa watu wa bara. Bahari halisi ina kasoro zake: mawingu, takataka, mtu asiyekuhusu anapita. Ya pazia hutulia.

Simu ziliyaua mapazia yale. Nilizunguka Maringo hadi Jericho nikiulizia studio yenye bahari nikapelekwa kwenye duka la kupiga chapa na kutoa nakala, ambako kijana aliniambia anaweza kunitoa nyuma yangu na kuniwekea Dubai kwa shilingi 100.

Bahari niliikuta bila kuitafuta, upande wa Jericho, kwenye ukuta wa kinyozi. Kibanda ni cha mabati, lakini ubavu mmoja umeegemea ukuta wa mawe, na ukuta huo wote, kutoka chini hadi juu, ulikuwa unageuzwa ufuo. Mchoraji alikuwa juu ya kreti mbili za soda, brashi mdomoni, nyingine mkononi. Mchanga ulishakauka. Minazi ilikuwa mitatu. Maji yalikuwa na buluu kali ya kung'aa ambayo nilihisi nimeiona mahali.

"Mzee, unanyoa ama unatazama tu?"

"Natazama."

"Kutazama ni sawa. Usiguse hapo, ni mbichi."

Rangi ya bahari, alinieleza, ni mabaki ya nganya, yale matatu yenye michoro. Ana rafiki kwenye gereji ya kupaka matatu, na buluu iliyobaki kwenye gari la Buruburu ndiyo iliyokuwa inageuka Bahari Hindi. Yeye mwenyewe alianzia kwenye magari. Alitaja kwa fahari yaliyopita mikononi mwake, nami nikakumbuka Februari 2004, sheria za waziri John Michuki zilipoanza kufanya kazi, mstari wa manjano ukapakwa juu ya kila matatu na michoro ikafutwa jiji zima kwa majuma machache. Yeye alikuwa hajaanza shule. Michoro ilirudi miaka mingi baadaye, na kwa bidii zaidi, lakini matatu hutaka nyuso: wanasoka, wanamuziki, marehemu mashuhuri. Hakuna mwenye gari anayeagiza mandhari. Mandhari ni kazi ya vinyozi, hoteli za chapati na kuta za shule za chekechea.

"Umefika Mombasa?" nikamuuliza.

"Bado. Mabeshte wameenda, wakanitumia video."

Nikasogea karibu. Chini ya mnazi wa pili, pale ambapo mchoraji mwingine angeweka mzungu kwenye kiti cha kulalia, kulikuwa na kijana mwenye kile kisanduku cha chuma cha magurudumu, anapasua smokie na kutia kachumbari. Pembeni yake mama mboga, sukuma wiki imefungwa mafungu. Mbele ya mawimbi kulikuwa na bodaboda, mguu mmoja chini, akisubiri abiria kutoka baharini.

"Na huyu wa smokie anafanya nini ufukweni?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa mbona mvua ina maji. "Mzee, penye watu lazima kuwe na smokie."

Nilitoa kitabu. Alijipangusa mikono kwenye suruali kabla ya kukipokea, jambo lililonipendeza. Kinyozi na mteja wake, nusu ya kichwa kikiwa kimenyolewa, wakaja kuchungulia. Nikawaeleza: Mjerumani, Italia, alirudi kwao akachorea huko. Kijana akauliza alitumia nini kukumbuka. Vichoro vidogo, nikasema, na kichwa chake. Akaona hilo halina ajabu, ni kama yeye na video. Kisha akaweka kidole, bila kugusa karatasi, juu ya Vesuvius.

"Huu mlima mimi ningeutoa. Hawa watu wanatosha."

Nimesoma maelezo ya wataalamu kuhusu Achenbach, na sijaona aliyesema vizuri zaidi. Mlima ulikuwa biashara. Mnunuzi wa Kijerumani alitaka uwepo, kama mteja wetu anavyotaka mnazi, ili ajue pesa yake imekwenda wapi. Kwa hiyo aliuweka, mara kwa mara kwa uvivu, moshi uleule, mteremko uleule. Mkono wake unaamka anapofika kwa watu, kwenye vumbi linalowafunika wakati jua linashuka. Pale rangi inakuwa nzito, haraka, karibu ya ukorofi, na hutaona uso hata mmoja uliokamilika ingawa unajua nani amechoka na nani amelewa.

Niliwaacha nikashika Likoni Road kuelekea Lunga Lunga. Hapo sina mengi ya kusifu njiani: malori, mitaro, na mtaro mmoja ulionipokea mguu wa kushoto hadi gotini, ndipo nikalowa hatimaye kwenye barabara yenye jina la bahari. Nilikuwa natafuta Wajukuu. Kundi hilo la wasanii lilianza 2004 katika mtaa wa mabanda wa Mukuru, katikati ya viwanda, na watoto wa jirani hujifunza kuchora kwao. Mwaka 2022 walialikwa Kassel, Ujerumani, kwenye maonyesho makubwa ya documenta, ambayo hufanyika kila baada ya miaka mitano kwa siku 100. Hawakupeleka mandhari ya Mukuru yaliyochorwa. Walipeleka mabati. Waliufunika mwingilio wa ukumbi mkubwa wa kule kwa mabati, wakajenga njia nyembamba ya giza, ili Mjerumani ainamishe kichwa na kupita kama apitavyo mtu wa Lunga Lunga. Walituzwa Tuzo ya Arnold Bode mwaka huohuo, tuzo yenye jina la mwanzilishi wa documenta.

Nilifika suruali ikinuka, nikaona aibu kuingia, nikasimama mlangoni. Ndani mtoto wa kike wa miaka kama minane alikuwa anachora nyumba. Alikuwa amelala kifudifudi, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo, na nyumba yake ilikuwa na madirisha mengi kuliko ukuta. Miaka minane. Nikahesabu: umri wa Oswald alipovunjiwa kanuni.

Nilipokuwa nikirudi nilipitia Rabai Road, kwa sababu tu ya jina. Rabai ndiko Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann, Wajerumani wawili, walikoanzisha kituo chao cha misheni mwaka 1846. Mei 1848 Rebmann aliuona Kilimanjaro na theluji yake, akaandika alichoona, na wasomi wa London wakamcheka: theluji karibu na ikweta! Miaka michache baadaye Achenbach alikuwa anajifunza kuweka moshi juu ya mlima kando ya bahari ya buluu, na kila mtu akamwamini. Mmoja alisema kweli akaitwa mwongo. Mwingine alikuwa akiongeza punda pale palipopwaya, naye akanunuliwa.

Jioni ilinikuta Jogoo Road. Saa kumi na mbili kasorobo, upande wa kutoka mjini, watu wanamiminika kama maharagwe yaliyopasukiwa gunia. Jua lilikuwa nyuma ya jiji, limeshuka, na vumbi la magari na moshi wa mahindi ya kuchoma vilikuwa vimelishika na kuligawa kwa kila mtu. Mwanamke aliyebeba beseni alipita, na kwa sekunde moja sura yake haikuwapo, ulikuwapo ukingo wa dhahabu tu na mwendo wa mtu ambaye bado ana mlima wa kupanda. Makanga aliyening'inia mlangoni akaita Buru, Buru, hamsini. Nilifungua kitabu pale pale, nimesimama, nikazibwa njia na kutukanwa kistaarabu. Ukurasa ulikuwa wa barabara ya Naples wakati wa magharibi. Niliuziba mlima kwa kidole gumba. Kilichobaki kilikuwa Jogoo Road.

Achenbach alifariki Düsseldorf tarehe 1 Februari 1905, siku moja kabla ya kutimiza miaka 78. Picha zake ziko kwenye makumbusho, jina limeandikwa kwenye kona ya turubai kwa herufi safi.

Nilirudi Jericho wiki mbili baadaye kunyoa. Ukuta umekamilika. Kijana ameongeza mbwa anayelala kivulini na mtoto anayekimbia na tairi, na mlima hakuweka. Hakuandika jina. Kwenye kona ya chini, juu ya mchanga, kuna namba ya simu, lakini maji ya kunawia vichwa humwagwa hapo, na tarakimu mbili za mwisho zimeshafutika.